Mlango wa Chumba cha Mionzi

Sikio halilali njaa, na mimi ndani ya basi nilikaa nyuma tu ya wanawake wawili. Mama mwenye chupa ya chai alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, bila hata kupumua, kwamba leo huenda mashine ya mionzi pale hospitali ikafunguliwa. "Wiki sita, dada! Mdogo wangu ana saratani, na watu wamefunga mashine kwa ajili ya kikaratasi cha leseni. Huyo mkaguzi nikimtia mkononi, atanitambua!"

Jirani, mwanamke aliyepakata mkoba wa mafaili, alikohoa. "Ndiye mimi, mama."

Mimi niliacha hata kujifanya nasoma gazeti.

"Wewe?"

"Mimi. Mlango wa chumba kile ukifunguliwa, mashine inatakiwa ijizime papo hapo. Niliufungua, ikaendelea kumulika. Ningewaachia leseni, siku moja muuguzi angeingia, mionzi ikamuunguza bila yeye kujua."

"Na mdogo wangu je? Saratani nayo inasubiri leseni?"

"Wameshatengeneza," mkaguzi alisema, macho yakimng'aa kama anakwenda harusini. "Naenda kuujaribu mlango tena. Mashine ikizima, nasaini leo hii hii!"

"Na isipozima?"

"Nafunga tena."

Basi likasimama hospitalini. Mama aliruka, akaunyakua mkoba wa mkaguzi, akatangulia nao mbio. "Fanya haraka basi! Leo huo mlango naufungua mimi mwenyewe!"