Mkono wa Kuume wa Ormon Kasymkulov (1977–2023)

Ndugu, jamaa, majirani, wachezaji wenza wa marehemu, na nyinyi mliotoka mji mkuu, Bishkek, na magari yenu meusi, poleni na safari na asanteni kwa kufika. Mimi ni Azim, mdogo wake, wa tumbo moja. Jana Mwenyekiti wa klabu ya Kok-Tulpar, Mzee Doolot Abdraimov, aliomba wasifu huu ausome yeye, kwa kuwa ni mkubwa na tena ni mkwe wetu. Nilimwambia hapana. Alishamzungumzia kaka yangu mbele za watu mara moja, na ile moja imetutosha.

Marehemu Ormon alizaliwa tarehe 3 Machi 1977 hapa hapa Kochkor, mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Jumash Kasymkulov, dereva wa trekta, na Mama Sairakan, ambaye yumo humu hemani na sauti imemkauka kwa kulia. Kila msimu wa kuvuna viazi mama alikuwa akisimama kwenye lundo na kuvirusha, Ormon akividaka mlangoni mwa shimo la kuhifadhia. Baba alipenda kumtania: "We Ormon, kitakachoanguka ndicho chakula chako cha jioni." Naye akijibu bila kugeuka, "Basi leo nalala njaa, baba." Wazee waliopo wanakumbuka.

Alianza shule ya hapa kijijini mwaka 1984 na kumaliza 1994. Shule nzima ilikuwa na mpira mmoja, na nyuma ya goli ulipita mto. Sheria ilikuwa kwamba kipa akifungwa, kipa anaingia majini kuufuata. Wenzake walimweka golini kwa uonevu tu, maana alikuwa mdogo kuliko wote. Akaingia mtoni mara chache za mwanzo, mwezi Machi, barafu bado ipo kingoni, akarudi nyumbani meno yanagongana, mama akamsugua kwa mafuta ya kondoo huku akimgombeza. Baada ya hapo walioingia mtoni walikuwa makipa wa upande wa pili. Mwaka 1995 alijiunga na chuo cha michezo Bishkek, akahitimu 1999.

Mwaka 2000 alisajiliwa na Kok-Tulpar, na mwaka 2007 klabu ikachukua ubingwa wa nchi. Kwa ubingwa huo tukapata nafasi katika Kombe la Rais, lile la klabu za nchi ambazo Asia iliziita changa: sisi, Watajiki, Wanepali, Wabhutani, Wasrilanka, Wakambodia na wenzetu wengine wa benchi la nyuma. Mataifa makubwa yalikuwa na kombe lao lenye taa na televisheni. Letu watu waliliita kombe la watoto wa kambo. Ormon hakucheka hata siku moja. Alikuwa akisema, "Mtoto wa kambo akipewa sahani, anailamba mpaka inang'aa." Alifanya mazoezi majira yote ya baridi kwenye theluji ya uwanja wa shule, na mimi ndiye niliyekuwa nampigia mipira, mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Tarehe 12 Agosti 2002 alimwoa Nurjamal, binti wa kaka yake Mzee Doolot. Siku ya harusi mtu mmoja aliyekwisha kulewa alipiga mkono bakuli la maziwa ya farasi, bwana harusi akaruka akalidaka hewani, ila nusu ya maziwa ikaishia kwenye kofia ya baba mkwe. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kwetu husemwa kwamba mume wa binti ni wa miaka mia, lakini koo zilizooleana ni za miaka elfu. Shikeni neno hilo, maana ndilo lililomfunga kaka yangu mdomo.

Sasa nafika mahali ambapo Mwenyekiti angeparuka.

Mwaka 2008 mashindano yalichezwa kwetu, Bishkek. Katika mechi ya kwanza, dhidi ya Wabhutani, Ormon aligonga mwamba wa goli na mifupa ya kiganja cha kuume ikavunjika. Tulishinda, lakini chumbani daktari wa timu alisema kipa huyu basi, mashindano yamekwisha kwake. Kipa wa pili alikuwa Bolot Sydykov, mzima wa afya, na alikuwa amekwisha anza kuvaa glavu. Bolot yupo hapa, yule mrefu aliyeegemea fimbo. Jana alilia mlangoni mwa hema hili kilio cha mwanamume, kama ilivyo desturi yetu, akayasema yote kwa sauti mbele ya wazee. Ninayoyasoma sikuyatunga.

Mwenyekiti aliingia, akamwambia daktari, "Wewe funga bandeji. Mambo ya mpira niachie mimi."

"Mfupa umevunjika, Mwenyekiti."

"Mabango ya mji mzima yana sura ya nani? Ya Bolot? Wageni wangu wanakuja kumwona Ormon."

Ormon akasema kwa adabu, "Baba, mkono haukunjiki."

Akajibiwa: "Mikono unayo miwili. Mke uliyepewa na ukoo wangu unaye mmoja. Usiniaibishe."

Kocha alikuwepo. Alitazama viatu vyake, na hadi leo anavitazama.

Nusu fainali tulicheza na Watajiki, mvua inanyesha. Alizuia kwa mkono wa kushoto, kwa kifua, kwa magoti, kwa uso. Mechi ikiwa inakaribia kwisha ukaja mpira wa mbali, mwepesi, wa kudaka huku unapiga miayo. Aliudaka. Mkono wa kuume ukakataa. Mpira ukateleza, ukabingirika, ukavuka mstari taratibu. Tukafungwa moja bila. Nilimchukua nikampeleka kwa shangazi yetu, na glavu ile haikuvulika. Niliikata kwa mkasi wa jikoni. Kiganja kilikuwa kimeumuka kama unga uliotiwa hamira, na kaka yangu ananiambia nisiichane sana kwa sababu ni mali ya klabu!

Asubuhi yake Mwenyekiti alisimama mbele ya waandishi. Mwenyekiti huyu huyu, aliyesimama leo safu ya mbele akijifuta macho. Akasema: "Mpira ule hata bibi yangu angeudaka. Mimi sijui kipa alipewa nini. Muulizeni mwenyewe."

Hajui! Alijua alipewa bandeji. Alijua nani aliiagiza. Lakini wageni wake wakubwa walikuwa wamekasirika, na ilibidi apatikane wa kutupiwa.

Ormon alikuwa na mashahidi wa kutosha. Nilitaka kwenda kwa waandishi siku ile ile. Akanishika kola kwa mkono uliobaki mzima. "Azim, kaa chini."

"Amekuita muuza mechi, kaka!"

"Yule ni mkwe. Nikimvua nguo yeye, Nurjamal ataficha wapi uso? Watoto wataitwa wa nani? Akiwa na haya, atasema mwenyewe."

"Na asipokuwa nayo?"

"Kaa chini nimesema. Nikiwa hai, husemi."

Mkubwa akisema, mdogo anakaa. Nilikaa miaka kumi na mitano. Na aliyengojewa aone haya alikuwa akija kwenye sherehe zetu, anakaa kiti cha heshima, anakatiwa kichwa cha kondoo, anabariki chakula. Kaka yangu ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa, kwa mkono ule ule uliopona vibaya. Mzee yule alinyoosha vidole, akanawa, akajifuta. Nilikuwa nikitoka nje nikapige teke ukuta.

Klabu ilimwacha Oktoba 2008. Alifundisha michezo shuleni hapa hadi 2010, wazazi wakalalamika kwamba watoto wao hawawezi kufundishwa na mtu kama yule. Kuanzia 2011 hadi alipougua alifanya kazi kwenye ghala la makaa ya mawe, njia ya Kara-Keche. Mlikwenda kununua kwake, nyinyi hapa, na mlimtania. "Ormon, tupimie makaa, usituuzie kama ulivyouza mechi." Yeye akicheka nanyi, akiwabebea magunia mpaka kwenye gari. Binti yake Begaiym alirudi shuleni siku moja nywele zimevutwa, ameambiwa baba yake amekula kombe la taifa. Na wazee wenye busara zao mkatikisa vichwa: "Lisemwalo lipo." Haya, leo limesemwa jingine. Nalo lipo?

Aliendelea kuamini kwamba Kok-Tulpar watarudi kwenye kombe lile, walibebe, na watu wasahau. Mwaka 2014 wakubwa wa soka la Asia wakalifuta. Walisema nchi changa zimekua sasa, zijiunge na kombe la wengine. Nani alitupima kimo, sijui. Siku aliposikia alikuwa anapakia makaa. Aliniambia, "Basi Azim, goli langu ndilo la mwisho watu watakalokumbuka." Akaendelea kupakia.

Aprili 2023 alianza kuumwa tumbo, na hospitalini Naryn ikaonekana ni saratani. Nurjamal hakubanduka kitandani pake. Mchana mmoja, akiwa amelala amegeukia dirisha, aliniuliza, "Azim, imamu akiuliza nilikuwa mtu wa namna gani, watu watajibuje?"

"Watajibu ulikuwa mtu mwema. Kila mtu hujibiwa hivyo."

"Ndiyo. Hata mwizi wa farasi hujibiwa hivyo." Akapumua kwa shida. "Mimi nataka wajibu wakiwa wanajua."

Hakuomba kingine. Hakutaka hema kubwa wala watu wa Bishkek. Alifariki nyumbani tarehe 11 Novemba 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mkono wake wa kuume ukiwa ndani ya mikono ya mama. Jana shemeji yangu Nurjamal aliniita pembeni mwa hema. Nilidhani ataniomba niuhurumie ukoo wake. Akaniambia, "Shemeji, mimi ndiye niliyefanywa sababu ya kimya hiki. Basi mimi ndiye ninayekuruhusu. Soma yote." Na kaka mwenyewe alininyamazisha akiwa hai tu. Juu ya leo hakusema kitu.

Marehemu ameacha mama, Sairakan, mke, Nurjamal, binti, Begaiym, anayesomea uuguzi, mwana, Ilim, aliyezaliwa 2009 na ambaye hajawahi kumwona baba yake akishangiliwa, dada wawili, Jyldyz na Anara, mdogo mmoja mwenye hasira, na wakwe, ambao idadi yao tutaijua muda si mrefu.

Mzee Doolot, umekuja na farasi jike aliyenona, na desturi yetu naijua. Mkwe akileta farasi msibani, farasi huchinjwa, nyama huliwa, na la zamani huwa limekwisha. Geukeni muone: bado amefungwa kwenye nguzo ya umeme. Nyama mtakayokula leo ni ya farasi mwekundu wa Ormon mwenyewe, na maandazi yamekaangwa na dada zake. Wako hakuguswa.

Sasa imamu ataingia, tutamtoa kaka yangu hemani, na atauliza kama iulizwavyo kwa kila maiti. Nawaomba nyote, kwa mara ya kwanza, mnyamaze. Mwacheni Mzee Doolot ajibu peke yake. Na sitaki kusikia "mtu mwema", Mzee. Hilo tutalisema sisi baada yako. Wewe sema: "Alicheza na mkono uliovunjika, nami nilijua." Ukisema, kisu nitakishika mimi mwenyewe, na kiti chako cha heshima kipo. Usiposema, mfungue farasi wako uende naye, na ile miaka elfu imeishia kwenye nguzo ile.

Mungu ampe kaka yetu Ormon pumziko la amani tulilomnyima sisi.

Imamu, karibu. Uliza.