Msusi Mwenye Upara

Treni ilijikokota ukunguni. Msusi alikuwa ameshikilia wigi lake lisipeperushwe na upepo wa dirishani, maana leo ndiyo anaanza kazi saluni mpya. "Sasa dada, nilivyonyonyoka nywele hivi, nani atanipa kichwa chake nisuke?" alimuuliza abiria wa pembeni, mama mwenye upara unaong'aa.

"Mimi naosha uso na kichwa pamoja, nimemaliza, wanangu bado wanagombea kitana," alijibu mama, asiyejua kupoza maneno. "Tone la kwanza la mvua huanzia kwenye upara wangu. Majirani wakishtuka, nguo zangu nimeshaanua. Hebu vua hilo wigi, mdogo wangu."

Msusi akavua. Upepo ukampapasa utosini taratibu, kama anabembelezwa alale, akasahau alichotaka kubisha. Treni ikasimama kituoni kwake. Abiria wakamsukuma ashuke, wigi likiwa bado mkononi.