Nani Kaila M?

Nje ya karakana ya Fundi Seremala kuna benchi lisilo na adabu: ukilikalia tu, mdomo unawasha. Asubuhi ile kijana waliyemwita Digrii, fizikia tele kichwani na ajira hewani, alikuwa na usaili wa ualimu. Jopo lingemtaka afundishe somo moja. Kwa kukosa ubao wa kujipimia, akaandika kwa chaki kwenye mlango mpya uliokuwa ukisubiri vanishi: mgh = ½mv². Darasa lake: Fundi mwenyewe, kinyozi mwenye kitambi aitwaye Redio, na Mama Kahawa na birika lake.

— Guys, focus! Mkokoteni unashuka mlima. h ni kimo cha mlima, g mvuto wa dunia, v mwendo wake ukifika chini, m uzito wa mkokoteni na mzigo wake. m iko huku, m iko kule. Tunazikata. Simple!

Chaki ikapita, chwap!

— Weee! Redio akaruka. Unakata mzigo wa watu?

— Tumegawanya pande zote kwa m, kaka. Imebaki gh = ½v².

— Yaani mkokoteni wa saruji na mkokoteni mtupu, mwendo mmoja?

— Kama hakuna msuguano, ndiyo.

— Mwongo! Mimi na kitambi hiki niteleze na wewe uliyekondeana kwa kungoja barua za ajira, tufike sawa?

Digrii akauma meno. Hilo la barua lilimchoma.

— Swali la kitaalamu, akasema Fundi. Mimi nikikata mbao, vumbi linabaki. Vumbi la hizo m liko wapi?

— Halipo!

— Basi kuna mtu kalizoa.

— Hamna kitu, akaamua Mama Kahawa akimimina. Zimeoana. Moja huku, moja kule, zimehamia kwao. Nyie mnazililia bure.

— Na hiyo mbili? Redio akadakia. Ikate nayo, mbona unaibagua?

— Haina mwenzake!

— Kama wewe tu!

Benchi likacheka hadi machozi. Digrii naye kicheko kikamtoka, licha ya hasira zake zote. I'm finished, akawaza. Kama hawa wamenishinda, jopo litanimeza na viatu vyangu.

Ndipo akatokea mama mmoja wa miwani, mteja aliyeagiza ule mlango. Akausoma juu hadi chini. Wala hakuuliza nani kauchafua.

— Kama uzito haujalishi, wanangu, mbona mliuandika?

Fundi akamtazama Redio. Redio akatazama kikombe. Mama Kahawa akamimina hadi kahawa ikafurika. Digrii akapiga ukelele wa furaha, akachomoka mbio.

— Asante sana, mama! Shikamoo!

— Unakwenda wapi? Hujanijibu!

— Kwenye usaili! Jopo nawaanzia na swali lako hilohilo. Na wao wakikwama, tumekwama wote!