Pedi za Udongo za Mwalimu Naftali

Ndugu waombolezaji mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Ulemo, tunawasomea safari ya mpendwa wetu Mwalimu Naftali Simeoni, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1984 katika kijiji hiki, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Simeoni na Mama Editha mfinyanzi, akimfuata kaka yake Ezekieli, ambaye ndiye anayewasomea, na ambaye kwa kuongea, mnajua wenyewe, hajapata mpinzani kuanzia Shelui mpaka Iguguno.

Shule ya msingi alisoma hapa mwaka 1992 hadi 1998, kaka yake akiwa ameishia darasa la sita kwa kuwa mbuzi walimhitaji zaidi, yeye akasonga hadi kidato cha sita mwaka 2005, akahitimu ualimu Mei 2008, akafundisha hisabati sekondari ya kata yetu mpaka mwisho. Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa na Catherine, binti wa Iguguno, wakajaliwa watoto wawili, Flora na Derick.

Mwaka 2022 alianzisha klabu ya gemu za video za mashindano baada ya vipindi, wanafunzi ishirini na sita, pedi za kushika na kubonyeza mbili tu, na kwa kuwa mkono wa mama alikuwa nao, akafinyanga pedi za udongo zenye vitufe vyote, wanaosubiri zamu wazoeze vidole, na mwaka 2024 vidole hivyo vikaleta nafasi ya pili mkoani, kinara akiwa Sikudhani, binti wa Ezekieli, ambaye baba yake alijitapa mnadani utadhani pedi aliishika yeye.

Januari mwaka huu matokeo ya kidato cha pili yalitoka, Sikudhani amefeli, na kwenye kikao cha wazazi cha tarehe 7 Machi Ezekieli akasimama, akainua pedi ya udongo, akasema, "Ndugu wazazi, mwalimu wenu anafinyanga gemu, mwakani atafinyanga na vyeti," watu wakacheka, akaiachia ikavunjika, mikono ikanyooshwa, klabu ikafungwa. Marehemu aliokota vipande. Bodi ikasema itafunguliwa endapo wazazi wote ishirini na sita watatia sahihi kabla ya tarehe 16 Mei.

Figo zilikuwa zikimsumbua tangu Agosti 2024, akisafishwa damu mjini Singida mara mbili kwa wiki, lakini Aprili yote alizunguka nyumba kwa nyumba, miguu imevimba, siku za matibabu akiziruka, hadi akapata sahihi ishirini na tano. Tarehe 28 alifika kwa kaka yake, na Ezekieli, bingwa wa kuongea, akajificha chumbani, akamtuma mkewe aseme amekwenda Shelui, akamsikia mdogo wake akihema mlangoni, akisema, "Shemeji, mpe kaka shikamoo yangu, nitarudi."

Hakurudi. Alifariki tarehe 30 Aprili 2025, saa nne asubuhi, karatasi ikiwa mfukoni mwa shati.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani, walimu wenzake, na wanafunzi waliozungushia jeneza pedi zao za udongo. Mwalimu mkuu, karatasi yako hii hapa, sahihi ya ishirini na sita imewekwa leo asubuhi.

Naftali, mdogo wangu, marahaba.

Pumzika kwa amani.