Fundi Saidmurod na Taa Zilizomhama Bibi Harusi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Fundi Saidmurod Qobilov anastaafu tarehe 30 Septemba kutoka ukumbi wetu wa harusi wa Gulrez, hapa mjini Khujand, Tajikistan. Mimi Bahriddin, niliyekuwa meneja wake, nimeombwa kuandika wasifu huu. Madaktari wamenishauri nisichelewe.

Alianza kama mbeba nyaya. Hajawahi kuiacha harusi gizani, hata ile ambayo umeme ulikatika mara saba na bwana harusi akazimia mara moja.

Sifa yake kubwa, na aibu yangu kubwa, ni taa kumi na sita za kujigeuza kwa mota nilizonunua kwa bei nafuu. Mchana Saidmurod alizielekeza zote pale bibi harusi atakapoinama kutoa salamu. Shela ilipofunuliwa jioni, taa mbili za mlangoni zilikuwa zimeshahama. Moja ilimulika upara wa mjomba, nyingine sinia la pilau. Siku moja mwanga ulimwangukia mama mkwe akiguguna mfupa.

"Wewe fundi!" akafoka. "Bibi harusi umemficha, mimi umenitangaza! Umelewa?"

"Mimi mzima, mama. Taa ndiyo inayumba."

Nikamwandikia barua ya onyo: uzembe. Zikafika tatu, na kwa sababu hiyo akanyimwa cheo cha fundi mkuu.

Hakununa. Alikaza mikanda. Akapunguza mwendo wa taa, maana mota za bei nafuu zikikimbizwa huruka hatua, na taa ikakosa shabaha. Mwishowe akabadilishana taa za mlangoni na za jukwaani: wagonjwa wakapona, wazima wakaugua. Akajua ugonjwa unakaa mlangoni. Alipofungua taa moja alikuta kihisi, kile kidude kinachoikumbusha taa mahali ilipoanzia, kimejaa masizi.

"Kaka Bahriddin, nani anafukiza hapa?"

"Moshi wa jikoni huo," nikajibu.

"Jiko lenu linanukia ispandi, kaka."

Naungama: nilikuwa mimi. Kabla ya kila harusi nilichoma mbegu za ispandi mlangoni kufukuza husuda. Taa zilipoanza kuhama, nikapanda ngazi nikazifukiza zenyewe. Zikizidi kupotea, nazidisha moshi. Nami nina shahada ya fizikia! Niliogopa kuchekwa, nikanyamaza. Saidmurod naye akanisitiri, akawa anapangusa vihisi kwa pamba na spiriti kila Ijumaa, miaka tisa.

Wiki iliyopita, nikiwa kitandani, nimeandika barua ya nne: maonyo yote matatu yalinistahili mimi, yafutwe, naye astaafu akiwa fundi mkuu. Mkurugenzi amekubali. Saidmurod alikuja kunijulia hali, akaisoma mara mbili.

"Isomwe kwenye kipaza sauti siku ya kuniaga, kaka."

"Nitakufa kwa aibu!"

"Kufa utakufa tu. Isomwe."

Basi, kwa wasifu huu, imesomwa mbele yenu nyote. Ahsante, Fundi Mkuu Saidmurod. Sisi sote wa Gulrez tunakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi ya kutembea mjini kichwa juu.