Marahaba ya Bi. Kahonzi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya watoto hapa Malindi, Bi. Kahonzi Ngowa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kopo lake la mabuyu linabaki ofisini, na tumeshaanza kuligombania.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba (hayo ni maneno yake, ushahidi hatuna), akienda Gongoni na Ngomeni kwa baiskeli. Kila nyumba aliyoingia, hakuzungumza na mkubwa yeyote mpaka mtoto amwamkie shikamoo, naye aitike marahaba na kumuuliza habari zake. Wazee wengine walinuna. Yeye aliwaambia aliyemleta pale ni mtoto.

Desturi hiyo ilipata mtihani kwa shauri la mtoto aitwaye Easter. Purity na Lewis, mume na mke wa Muyeye, walikuwa wamehangaika kupata mtoto. Mwishowe kliniki moja ikapandikiza mimba yao kwa Janet wa Gongoni, aliyekubali kuwabebea. Kabla ya kujifungua, ndoa ikavunjika. Mtoto akazaliwa, asije mtu kumchukua. Janet alikubali kubeba, hakukubali kulea. Kila mkubwa alikuja ofisini kudai haki yake. Bi. Kahonzi aliwaacha wakibishana, akaenda wodini kumpakata mtoto, na akawa anarudi kila siku mpaka Purity alipojitokeza wodini kumchukua, uso chini kwa haya. Bi. Kahonzi alimwomba mambo mawili tu: asimfiche mwanawe alivyozaliwa, wala asimtenge na Janet.

Tangu hapo, katika vikao vya sera ya uzazi wa kusaidiwa, madaktari na mawakili wakishamaliza kujadili haki za wazazi na za kliniki, yeye huinua mkono kuuliza nani amemjulia mtoto hali. Walizoea kucheka. Siku hizi wanaandika. Ni yeye aliyependekeza ijulikane nani atalea kabla mimba haijapandikizwa, hata wakubwa wakija kuachana, na kwamba mtoto awe na haki ya kujua asili yake. Bado ni mapendekezo tu, na hilo linamkera mno.

Wiki iliyopita Easter, sasa ana miaka tisa, alikuja kumuaga, Purity kamshika mkono huu na Janet mkono wa pili. Akatoa shikamoo yake kwa sauti safi. Bi. Kahonzi, asiyekosa la kusema, akalia. Ikabidi sisi tumwitikie.

Ahsante, Bi. Kahonzi. Tunakuombea afya, raha na wajukuu tele wa kukuamkia. Kikao cha sera ni Jumatatu, nasi tutaanza na mtoto.