Mwalimu Balthazar Nsavyimana na Haki ya Muda wa Nyongeza

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2014, Joséline alikuwa jikoni kwake Rosettenville, Johannesburg, akimimina uji kwenye chupa ya chai ili aupeleke hospitalini. Simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, Claude, aliyekesha na mgonjwa.

"Mama Sonia, uko na nani hapo?"

Joséline alifunga chupa, akaiweka mezani, akakaa. Mtu akiulizwa yuko na nani, ameshaambiwa. Mume wake, Mwalimu Balthazar Nsavyimana, alikuwa ameitwa na Mungu alfajiri ile, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Marehemu alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Bwiza, tarehe 6 Januari 1962, siku Kanisa linapowakumbuka Mamajusi, na ndiyo sababu padre alimpa jina la Balthazar, mmoja wao. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Siméon, fundi mwashi, na mama Générose, muuza samaki. Jioni mama alirudi na mukeke, samaki mmoja wa ziwani aliyebaki sokoni, akampa Balthazar kisu na kumwambia, "Wewe kata, mdogo wako achague." Hivyo alijifunza kukata kama mtu asiyejua kipande kipi kitakuwa chake. Siku moja alijaribu ujanja. Akijua mdogo wake, Claude, anapenda kichwa, alikata kichwa kidogo na kuacha mkia mnene. Claude akautazama mkia, akauchukua. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na Balthazar akala kichwa kimyakimya.

Alisoma shule ya msingi Bwiza, kisha sekondari na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1984. Alifundisha michezo katika shule ya sekondari Ngozi kwa zaidi ya miaka kumi. Wanafunzi wake walimwogopa kwa filimbi yake na kumpenda kwa sababu hakuwa na kipenzi. Tarehe 17 Agosti 1991 alifunga ndoa na Joséline Nahimana, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sonia na Égide. Vita vikawatoa nyumbani mwaka 1996. Walikaa kambini Kigoma, na mwaka 1999 wakafika Johannesburg.

Hapa hakupata tena darasa. Alipata rafiki. Mwadini Bakiri, fundi cherehani wa Tanga, alikutana naye kwenye foleni ya vibali, wakagawana mkate na malalamiko, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekodi chumba Doornfontein wakishona mabegi na nguo za michezo. Mei 2008, wageni walipokuwa wakifukuzwa na kupigwa, familia zote mbili zililala kwenye ukumbi wa kanisa, na Joséline akaomba jiko la pembeni ili wenzao wa Kiislamu wawe na sufuria yao.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wanafunzi wa chuo walileta oda ya suruali zenye sponji magotini. Mwalimu akaenda uwanjani kuona kama mishono yake inastahimili. Alikuta mpira wa Kimarekani, mchezo ambao timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ikishindwa inawaachia wenzake mpira. Mishono ilistahimili, yeye ndiye aliyenaswa. Mwaka uliofuata vijana wakaunda ligi ndogo ya timu nne, wakamwomba awe mwamuzi na msimamizi wa kanuni. Mwadini naye akawa meneja wa timu ya Rosettenville, alimocheza mwanawe Mansour.

Mtihani ulikuja kwenye fainali ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba 2010, uwanjani Kensington. Rosettenville na Doornfontein walimaliza sare. Kanuni ya wakati ule ilisema sarafu irushwe, mshindi aanze na mpira, na atakayefunga kwanza ametwaa kombe. Doornfontein walishinda sarafu, wakasogea, wakapiga mpira ukapita katikati ya milingoti. Rosettenville hawakuugusa mpira hata mara moja.

"Mwalimu, vijana wangu wamefungwa na sarafu," Mwadini alimwambia mbele ya watu.

"Kanuni ndiyo hiyo, ndugu yangu."

"Kanuni haikushuka na malaika. Imeandikwa na watu, na wewe ndiye unayeilinda."

Jumatatu Mwadini alihamisha cherehani yake. Aliitoa pia timu yake kwenye ligi, na timu nyingine ikasema itamfuata. Mwalimu alibaki na chumba kilichokuwa kikubwa mno. Nyumbani alikula kidogo, akimwambia mke wake kwamba Mwadini ana haki ya kukasirika, na hilo ndilo lililomuuma.

Akaanza kutafuta kanuni nyingine. Ya kwanza aliitoa alikokulia, kwenye soka: timu zipokezane kupiga mpira katikati ya milingoti kutoka mbali, kama penalti. Mwaka 2011 alimwita Mwadini aje kuijaribu kwenye mechi ya kirafiki. Vijana wa Rosettenville, wengi wao Warundi, Wakongo na Watanzania waliopiga mpira wa makaratasi tangu wakitambaa, walifunga kila mkwaju. Mansour alifunga hadi akaanza kupiga kwa mguu wa kushoto.

André, nahodha wa Doornfontein, alivua helmeti. "Papa, kumbe ni soka? Mngetuambia, tungekuja na kaptula."

Mwadini alifurahi sana. Wiki ile alirudisha timu yake kwenye ligi na cherehani yake chumbani, akaleta na sambusa. Lakini Mwalimu hakulala vizuri. Alijua ameipendelea timu ya rafiki yake bila kukusudia, na kwamba akiifuta kanuni ile huenda cherehani ikatoka tena. Alisali juu ya jambo hilo, kisha akaifuta.

"Umenipa kwa mkono huu, unaninyang'anya kwa ule," Mwadini alisema.

"Nimekupa kisichokuwa changu. Subiri kidogo."

"Nasubiri. Lakini cherehani sijaifungua mikanda ya kuibebea."

Mwalimu alifikiria kila timu ipewe zamu moja. Akaona kwamba wa pili angeanza akijua tayari anadaiwa nini, na huo nao ni upendeleo. Alikuwa akimweleza Joséline hayo mezani, wali ukipoa, naye akachoka kusikiliza yadi.

"Baba Sonia, mama mkwe wangu alikuwa na samaki mmoja na watoto wawili," alisema. "Hakurusha sarafu."

Mwalimu aliacha kijiko. Kesho yake alimweleza Mwadini: nahodha mmoja aweke mpira popote anapotaka uwanjani, na mwenzake achague kushambulia au kulinda. Ukiuweka karibu na lango la anayelinda, mwenzako atashambulia. Ukiuweka mbali mno, atalinda. Itakubidi uuweke pale ambapo mwenyewe ungeridhika na upande wowote. Kisha wa kwanza kufunga ameshinda.

"Na nani atauweka?"

"Sarafu itasema."

"Sarafu tena, Mwalimu?"

"Tuseme umeishinda. Utachagua kuuweka mpira, au kuchagua upande?"

Mwadini alifikiri, akashika ndevu. "Eish. Sioni tofauti."

"Basi sarafu haina kazi tena."

Fainali ya Jumamosi, tarehe 15 Septemba 2012, iliwakutanisha walewale, na sare ileile. Mansour, sasa nahodha wa Rosettenville, aliuweka mpira yadi kumi na saba kutoka mstari wa lango la atakayeshambulia. André alizunguka, akautazama, akarudi, watu wakamzomea achague. Akachagua kulinda. Doornfontein waliwazuia, wakapata mpira, wakafunga. Uwanja mzima ulimgeukia Mwadini. Yeye alivuka mstari, akampa André mkono, kisha akamwambia Mwalimu, "Leo tumefungwa na watu. Twende tukale." Ligi haijavunjika hadi leo, na kanuni hiyo ndiyo inayotumika.

Juni 2013 madaktari waligundua saratani ya ini. Mwalimu aliipokea bila kumlaumu Mungu. Miguu ilipovimba aliacha filimbi, akawa anakaa kwenye kiti kando ya mstari, akifurahi kupita wachezaji. Alipata mpako wa wagonjwa mwezi Februari, na maumivu yakapungua.

Ameacha mjane, Joséline. Watoto, Sonia na Égide. Mdogo wake, Claude, na mke wake Jeannine. Na Mwadini Bakiri, ambaye familia inamhesabu ndugu. Mungu aliyempa moyo wa haki amlaze pema, na usingizi wake uwe wa amani.

Jumapili jioni, siku mbili kabla ya kufariki kwake, sisi wanafamilia tulimuaga hospitalini. Padre alisali. Mwadini aliomba ruhusa, akasoma dua kwa sauti ya chini, na Mwalimu akaitikia amina. Joséline alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Mwalimu alimshika kila mmoja mkono, akamwuliza Égide kama amefanya kazi za shule, kisha akasema amechoka, tumwache alale. Tukazima taa ya kitandani, tukatoka.